Kazi ya Kukata Upepo

Watu wa Mombasa wakisikia kwamba niliwahi kulipwa kwa kuendesha baiskeli, swali lao la kwanza ni moja: ulishinda mashindano gani? Mimi huwajibu kwamba kazi yangu ilikuwa kumkatia mwenzangu upepo ili yeye ashinde, na hapo wengi hunitazama kwa huruma. Huruma hiyo siihitaji. Kazi ile niliipenda kwa moyo wote, na nataka kuieleza vizuri, kwa sababu vijana wa hapa pwani wanaopenda baiskeli ni wengi na karibu wote wanadhani mbio za barabarani ni za mtu mmoja.

Ni za timu. Kwenye Tour de France, mbio za Ufaransa za wiki tatu zinazogawanywa kwa hatua za siku moja moja, tangu 2018 kila timu huleta waendeshaji wanane. Kabla ya hapo walikuwa tisa. Kati yao, anayetafutiwa ushindi ni mmoja, pengine wawili. Waliobaki ni wasaidizi, na kinachofanya wahitajike ni hewa. Ukienda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, nguvu zako nyingi huishia kuisukuma hewa iliyo mbele yako. Mwenzio akikaa nyuma yako, tairi yake ikikaribia kugusa yako, hupunguziwa kazi kwa kiasi cha theluthi hivi, na akiwa amezungukwa na kundi zima hupunguziwa zaidi. Mbio za saa tano zikifika kilomita za mwisho, aliyefichwa kutwa bado ana miguu. Aliyemficha hana.

Nilipoanza, kila niliyemweleza nia yangu alinitajia bara. Huko kuna Iten, mji wa wanariadha, mita 2,400 juu ya bahari. Huko ndiko Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikofundishwa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu, miaka mingi kabla hajashinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mombasa tuna nini? Kisiwa tambarare, joto na unyevu. Ukitaka mlima wa maana lazima uvuke Likoni, uende mpaka Kombani, ndipo uanze kupanda kuelekea Kwale.

Tuna upepo. Na upepo wetu una majira yake, jambo ambalo mabaharia waliokuja na majahazi walilijua kabla ya babu zetu kuzaliwa. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili ikaendelea mpaka Septemba. Barabara ya Malindi hufuata pwani kwa takriban kilomita 120, bahari ikiwa mkono wa kulia kwa anayepanda kwenda Malindi. Wakati wa kaskazi, kwenda Kilifi ni kupigwa usoni njia nzima, mashamba ya mkonge ya Vipingo hayana mti wa kukustiri, na kurudi ni raha tupu. Kusi ikiingia, mambo hugeuka: unakwenda ukisukumwa na kupigwa ubavuni, halafu unarudi ukiwa umechoka nayo ikikungoja mbele. Asubuhi mapema upepo huwa bado umelala. Saa nne ukiwa njiani unaamka, na kuanzia hapo kila kilomita unailipia.

Haya sikuyajua kwa kufundishwa. Niliyajua kwa mkate. Baada ya kumaliza shule nilipata kibarua cha kusambaza mikate kutoka kiwanda kimoja kidogo cha Majengo, kwa zile baiskeli nzito nyeusi tunazoziita Black Mamba, sanduku la mbao nyuma likiwa limefungwa kwa mpira wa tyubu ya zamani. Tulikuwa vijana kadhaa. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukavuka daraja la Nyali kwa pamoja, kisha tukatawanyika kwenye maduka ya Kongowea, Kisauni, Mishomoroni na Bamburi. Sanduku la mikate lina ubavu mpana. Upepo wa daraja la Nyali ukilikamata, unakupeleka kwenye njia ya matatu utake usitake.

Hapo ndipo tulipojipanga bila mtu kutuambia. Mwenye nguvu siku hiyo alitangulia upande upepo unakotokea, wa pili akakaa nyuma yake kidogo kwa pembeni, wa tatu vivyo hivyo, tukawa mshazari. Aliyechoka mbele alirudi nyuma, mwingine akashika zamu. Miaka baadaye, Ubelgiji, kocha alitupanga vilevile barabarani na kutueleza kwa michoro ubaoni. Nilifurahi sana siku ile, maana nilikuwa naona vijana wa mkate wa Majengo wamechorwa na mtaalamu.

Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliijenga kipande kwa kipande, kwa fundi mmoja mzee wa Mwembe Tayari. Fremu ilitoka kwenye mitumba iliyoshuka bandarini, gia zikatoka kwingine, usukani kwingine. Mzee yule alikuwa akinyoosha rimu kwa sikio. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na siti, akazungusha gurudumu polepole, akawa anazigusa spoki moja moja kwa ukucha kama mpiga gambusi anayeweka nyuzi sawa. Iliyolegea ilitoa sauti nzito. Aliikaza robo mzunguko kwa ufunguo wake mdogo, akaenda upande wa pili akailegeza jirani yake, akagusa tena. "Sikiza, usitizame," aliniambia. "Macho yatakudanganya, rimu yaweza kuonekana sawa na spoki moja yabeba mzigo wa tatu." Spoki ya namna hiyo hukatika ghafla ukiwa kwenye mteremko.

Ni yeye pia aliyenifundisha kuiogopa chumvi. Mombasa hewa yenyewe ina chumvi, na maji ya visima vingi vya mjini ni ya chumvi vilevile. Ukiosha baiskeli kwa maji ya kisima, umeipaka kutu kwa mkono wako. Kwa hiyo kila baada ya mazoezi nilinunua mtungi wa maji matamu, nikaosha cheni na vishikizo vyote vya skrubu, nikakausha kwa kitambaa, nikatia mafuta tone moja kwenye kila pingili. Mamangu alilalamika kwamba baiskeli inaoga maji matamu na watu wa nyumbani wanaoga ya chumvi. Alikuwa na haki ya kulalamika, na hata hivyo aliniachia mtungi.

Jinsi nilivyotoka pale mpaka Ulaya ni hadithi fupi: mbio za Nairobi na Nakuru, kisha Rwanda, ambako mtu wa timu moja ndogo ya Ulaya aliniona nikivuta kundi kwenye upepo wa bondeni kwa muda mrefu bila kuomba msaada. Hakuniuliza nimeshinda nini. Aliniuliza kama niko tayari kuifanya hiyo kila wiki.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo watu hawaoni. Asubuhi ya mbio kocha hutoa mpango: huyu tunamlinda, ninyi wawili mkae mbele mpaka kilomita ya 100, wewe uhakikishe hakai nje ya upepo hata dakika moja. Mpango ukishatoka, miguu yako si yako tena. Mtu wako akipata pancha na gari la timu liko mbali, unampa gurudumu lako, wewe unabaki ukingoni mwa barabara na fremu mkononi. Akihisi kiu, unarudi nyuma hadi kwenye gari, unajaza chupa mgongoni ndani ya jezi, nyingine kifuani, kisha unapanda tena kupita kundi zima kumpelekea yeye na wengine. Chupa nane za nusu lita ni kilo nne. Baiskeli yenyewe, kwa sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, haipaswi kupungua kilo 6.8. Fanya hesabu ya kubeba uzito ule huku watu wanakwenda kilomita 45 kwa saa, nawe unatakiwa kwenda kasi kuwashinda.

Kula nako ni kazi. Mwili unahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, unahisi njaa au huhisi. Ukingoja njaa umechelewa. Wenzangu walikula keki ndogo za wali na jeli. Mimi wakati mwingine nilijitengenezea tende zilizotolewa kokwa na kujazwa chumvi kidogo, na baada ya muda wenzangu wakaanza kuniomba. Kuhusu Ramadhani, waliniuliza mara nyingi. Nikiwa nyumbani Mombasa nilifunga, nikafanya mazoezi mepesi ile saa ya mwisho kabla ya magharibi, nikirudi mtaani adhana ikinikuta mlangoni na madafu yako tayari. Nikiwa safarini kwenye mbio nilikula, nikalipa siku zile baadaye, kama msafiri alivyoruhusiwa. Sikuona mgongano wowote kati ya dini yangu na kazi yangu.

Baridi ndiyo iliyonitesa. Machi ya Ubelgiji, mvua inanyesha, joto digrii tano, vidole havihisi breki. Lakini kule Flanders magharibi, karibu na bahari na mpaka wa Ufaransa, kuna tambarare inaitwa De Moeren, haina kilima wala ukuta. Mwaka 2015, kwenye mbio za Gent-Wevelgem, upepo wa Flanders ulimtupa Geraint Thomas, aliyekuwa timu moja na Froome, nje ya barabara, na bado aliinuka akamaliza wa tatu. Mbio zetu zilikuwa ndogo kuliko hizo, ila barabara na upepo ulikuwa uleule. Na pale nilikuwa kwetu.

Upepo husikiwa kwa masikio. Sikio la kulia likivuma kuliko la kushoto, unatoka kulia. Yakivuma sawasawa, uko usoni. Siku moja niliona ramani inaonyesha kona ya kushoto baada ya kijiji, nami tangu kilomita kumi nyuma nilikuwa nausikia upepo umejaa usoni. Tukikata kona ile, ungetupiga ubavu wa kulia. Nikamfuata kijana niliyekuwa nikimlinda, nikamwambia: nishike gurudumu, tunakwenda mbele sasa hivi. Wakati kundi bado linazungumza, sisi wanne wa timu tulikuwa tayari wa kwanza kwenye kona. Tulipoikata, nikajiweka kulia kabisa mwa barabara, wenzangu wakajipanga mshazari kuelekea kushoto, na waendeshaji wachache wenye akili wa timu nyingine wakajiunga. Aliyekuwa mbele alipochoka alitoka kwa upande upepo unakotokea, akarudi nyuma akiwastiri wanaopanda. Barabara ile ilitosha watu kama kumi na tano. Wa kumi na sita hakuwa na pa kujificha, ikabidi ajipange kwenye ukingo nyuma ya mwenzake, na nyuma yake msururu mrefu wa watu walioanza kukatika mmoja mmoja. Niligeuza shingo mara moja tu. Kundi lilikuwa limevunjika vipande.

Nilivuta mpaka miguu ikakataa. Kijana wangu alimaliza wa pili. Mimi nilifika muda mrefu baadaye, wakati vizuizi vinakunjwa, nikamkuta amekataa kuingia kwenye gari la timu kabla sijafika. Cheti changu cha siku ile, kama nikihitaji cheti, ni hicho.

Mwaka 2016 niliwaona Froome na Thomas wakifanya jambo la aina hiyo kwenye Tour, siku ya kwenda Montpellier. Peter Sagan na Maciej Bodnar, wa timu nyingine, waliondoka kwenye upepo wa ubavuni kilomita chache kabla ya mwisho, Froome aliyekuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio akarukia gurudumu lao na msaidizi wake Thomas nyuma yake. Wapinzani wake walisubiri milima, yeye akachuma sekunde kwenye barabara tambarare. Watu humkumbuka Froome kwa mlima Ventoux aliokimbia kwa miguu siku iliyofuata. Mimi namkumbuka zaidi kwa Montpellier.

Pesa sitaificha. Timu za wanaume zina ngazi tatu, na ngazi mbili za juu zina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na UCI. Ya tatu, Continental, haina, na huko ndiko niliko­kuwa. Nilipewa baiskeli, chumba, chakula na kiasi cha kutuma nyumbani, na kuna miezi timu ilichelewa kulipa nikaishi kwa zawadi za mbio ndogo za vijijini. Ila kuna desturi moja ninayoiheshimu sana katika mchezo huu: zawadi hugawanywa. Hata mshindi wa Tour, ambaye fungu lake ni euro 500,000, kwa mazoea huwaachia wenzake fungu hilo. Kila mtu anajua nani alikata upepo.

Tarehe 27 Agosti 2022 tulipata habari kwamba Suleiman Kangangi amefariki kwenye mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33, nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, na 2017 alikuwa wa tatu kwenye Tour du Rwanda. Kila mwendeshaji wa Kenya alilia siku ile, tuliomjua na tusiomjua. Alikuwa ameamua kwamba waliomfuata nyuma wasipite njia ngumu aliyopita yeye. Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu hapo, kila ninapomwona kijana kwenye barabara ya Malindi bila helmeti, namsimamisha, awe ananijua au hanijui.

Na mwaka huohuo, Machi, Biniam Girmay kutoka Eritrea alikuwa ameshinda Gent-Wevelgem, mbio za upepo na mawe. Mtoto wa Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300, kaenda kuwashinda Wabelgiji kwenye tambarare yao. Miaka miwili baadaye akashinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Walioniambia kwamba mtu huzaliwa na barabara yake, mlima au tambarare, nadhani Girmay amewajibu.

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Tuliyatazama kwangu, sebule imejaa vijana, viazi karai kwenye sinia. Wanaume waliendesha kilomita 267.5, wakipanda na kushuka vilima vya mji ule tena na tena, Tadej Pogačar akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kijana mmoja akasema, kwa hiyo wengine wote wameshindwa. Nikamwomba asitazame mbele ya kundi, atazame mizunguko ya mwanzo, nani anavuta, nani anarudi kwenye gari la timu, nani anatoka barabarani baada ya kumsogeza mtu wake hadi chini ya mlima. Tulitazama hivyo kwa saa kadhaa. Jioni walikuwa wananionyesha wao.

Siku hizi nawafundisha kila Jumapili, wavulana na wasichana. Tunatoka Nyali kabla jua halijachomoza, kwa sababu ya magari na kwa sababu ya upepo. Wakati wa kusi, tukielekea Kilifi, nawaruhusu kujipanga mshazari pale penye bega pana la barabara, maana upepo unatoka baharini, kulia kwetu, na wanaofuata wanaangukia upande wa majani. Kurudi, upepo huwa kushoto, na mshazari ungewapeleka katikati ya barabara kwenye malori. Hapo ni mstari mmoja tu, ukingoni, na anayetaka ubishi anashuka anapakia baiskeli kwenye matatu. Aliye imara zaidi kati yao sasa ni msichana wa Mtwapa ambaye mwanzo alikuwa akikaa nyuma siku zote. Nilimpa zamu ya mbele Vipingo, kwenye mkonge, kaskazi ikiwa imechachamaa, nikamwambia avute mpaka aniambie amechoka. Hakuniambia. Wenzake ndio walioomba apunguze.

Babake alikuja kuniona. Alikaa, akanywa kahawa, akasema, "Ndugu yangu, huyu mtoto asoma vizuri. Hii baiskeli yampeleka wapi?" Nilimwambia kwamba masomo yasiguswe, na kwamba nafasi ya kulipwa kwenye mchezo huu ni finyu, kwa wanawake finyu zaidi ingawa inapanuka. Nikamwambia pia nilichokiona kule Vipingo: binti yake anaweza kuwabeba watu. Timu hutafuta mtu wa namna hiyo na humpata kwa shida. Akauliza anunue nini kwanza. Nikamwambia helmeti, kisha viatu, baiskeli tutaijenga pole pole kwa fundi. Jumapili iliyofuata alimleta mwenyewe, helmeti mpya kichwani, na akatufuata kwa tuktuk mpaka Mtwapa akituzuilia magari ya nyuma.